Kuhusu Masomo ya Lazima Aliyopewa Mwanangu Kabla ya Ng'ombe

Kirua Vunjo,
Januari 9, 1954

Kwa Bwana Mkuu wa Chuo,

Salaam kwako, kwa walimu wako, na kwa yeyote anayekufungulia barua. Mimi ni Thadeus Sirili, mkulima wa kahawa, baba wa Remigius, ambaye ukoo wetu ulimkabidhi kwako mwaka jana ajifunze uganga wa mifugo. Amerudi likizo. Mwili ni mzima, nashukuru. Malalamiko yangu yanahusu kichwa.

Anasema hapo chuoni mna kanuni: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe wa udaktari, wa ualimu au wa mifugo, haigusi kazi yake mpaka asome masomo ya jumla, ili awe mtu kamili. Bwana Mkuu, tulimleta akiwa kamili. Mimi na mama yake tulihakikisha. Matokeo ya kumkamilisha mara ya pili ni haya:

1. Historia. Siku ya pili ya likizo tuliwaita wazee waje wanywe mbege, pombe yetu ya ndizi. Mzee Wenseslaus, mkubwa wa ukoo, akasimulia jinsi babu yetu wa kwanza alivyofika mlimani akimfuata tembo aliyejeruhiwa. Habari hiyo tumeisikia miaka yote, na kazi yetu ni kuitikia. Remigius akamwamkia shikamoo kwa mara ya pili, kwa adabu kabisa, kisha akauliza, "Babu, habari hii tumeipata kwa nani mwingine?" Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Kwa tembo." Akainuka, akaenda zake. Wenzake wakamfuata, na mbege ikabaki nusu pipa. Tangu nizaliwe sijaona mbege ikibaki.

2. Mantiki. Somo hili sikulijua, na ningeweza kufa vizuri bila kulijua. Remigius alimfundisha mama yake, Flavia, jikoni, wakimenya ndizi. Baada ya siku tatu mke wangu alinijia akasema polepole, "Kila anayekula ndizi anafaidika nazo. Kila anayefaidika na kitu abebe mzigo wake. Nawe, Baba Remigius, unakula ndizi." Nimetafuta kosa katika maneno hayo wiki nzima. Jumamosi niliubeba mkungu kichwani kutoka kihambani, yaani shamba letu la migomba, hadi nyumbani, mimi mwanamume wa miaka hamsini na miwili, saa ileile watu wanatoka kuungama.

3. Elimu ya miamba. Alimweleza bibi yake kwamba mlima wetu ulikuwa moto ukapoa. Bibi akauliza kama utawaka tena. Akajibu kwamba huenda, baada ya miaka elfu nyingi. Bibi hajawahi kuhesabu miaka yake mwenyewe, sembuse ya mlima. Amefunga nguo zake katika kikapu, amekiweka mlangoni, na kila asubuhi anaitazama Kibo kama mtu anavyomtazama jirani mlevi.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Wiki iliyopita ng'ombe wetu wa maziwa alikula matembele yenye umande, akavimba tumbo likawa kama ngoma. Nikamwita Remigius, na kwa furaha yangu nikawaita na majirani waje wajionee daktari. Akavua koti. Akamzunguka ng'ombe mara mbili. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, ng'ombe tutamfikia mwaka wa pili." Aliyemwokoa ni jirani yetu Aikande, mjane asiyejua a wala be. Alimpitishia ng'ombe kijiti mdomoni kama lijamu, akamkanda ubavu, akamtembeza kupanda mteremko mpaka hewa ikatoka. Mwanangu alishika mkia. Niliona machozi yakimlengalenga, nikageuza uso. Watu niliwaita mwenyewe.

Kwa hiyo naomba masomo hayo yafutwe, na mwanafunzi apewe ng'ombe siku ya kwanza, ikiwezekana kabla hajaonyeshwa kitanda. Na kama ni lazima pawe na masomo ya jumla, yawe ya jumla kweli: kukata majani ya mifugo korongoni bila kuteleza, kugawa nyama ya mbuzi bila kukosea kidari ni cha nani, na kunyamaza mzee anapozungumza. Walimu wa hayo tunao. Waleteni wanafunzi wote kihambani kwangu, wa pwani na wa bara, niwatahini mwenyewe. Waje na walimu wao pia, maana nashuku darasa hilo hawakulipitia. Mtihani wa mwisho atausimamia Aikande.

Nisalimie walimu wote, hata yule wa mantiki. Mke wangu anakusalimu na kukuomba usibadili kitu chochote. Nimeyaandika hayo kwa sababu amesimama hapa.

Ndimi, kwa heshima nyingi na shingo inayouma,
Thadeus Sirili

Baada ya sahihi: Barua hii imechelewa siku tatu. Watu wa ukoo unaokaa juu yetu mlimani walikuja na mapanga, wakidai kwamba mfongo, yaani mfereji unaotuletea maji, ulichimbwa na babu yao peke yake, kwa hiyo wanaufunga. Vijana wetu nao wakaenda kuchukua mapanga. Remigius akawakaribisha wageni wakae, akamwuliza kila mzee wao kando: babu huyo alianzia kuchimba wapi, na alikuwa na nani? Wazee watatu wakataja mahali patatu, na mmoja akasema babu alisaidiwa na babu yetu. Walipokutanishwa wakatazamana, mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote. Aliyekatwa siku hiyo ni mgomba mmoja tu, tena kwa bahati mbaya.

Basi kama kuna somo mmekwisha kulifuta kwa ajili yangu, naomba lirudishwe, na binti yangu Zita, anayemaliza shule mwakani, apewe yote. Ningeichana barua hii, lakini karatasi niliiomba parokiani, na padri anajua nimemwandikia Mkuu wa Chuo. Naomba tu uanze kusoma sehemu hii, kisha uishie hapa.