Nimemfukuza Mkwe kwa Chai

Jamani, leo kijiji kizima cha Buhehe sina pa kuuweka uso wangu. Naandika nikiwa nimejifungia jikoni.

Mnamjua dada yangu Nabwire, yule aliyekwenda Dubai kufanya kazi hotelini. Huko akampata Bakyt, Mkirgizi, kijana mpole ambaye hata Kiswahili amekishika. Leo Bakyt amemleta baba yake kutoka kwao, aone nyumbani kwetu kabla ya kukubali ndoa. Mzee ni mfugaji. Theluji ikiyeyuka wanahamia juu milimani na kondoo na farasi, wanalala kwenye mahema ya mviringo ya sufi. Neno lake ndilo la mwisho. Akikataa, harusi hakuna. Nabwire hajala tangu juzi kwa wasiwasi.

Mzee akashuka garini na kofia yake ndefu nyeupe. Akatabasamu. Tukatabasamu. Baba akamchukua Bakyt wakaangalie ng'ombe, Nabwire akaingia chumbani kumalizia kusukwa. Mzee, miguu imechoka na safari, akabaki sebuleni. Nikabaki naye mimi, chupa ya chai, na Senge, yaani shangazi yetu, dada yake baba, aliyekuja kutoka Lumino kusimamia heshima ya ukoo.

Basi nikapiga magoti, nikamimina. Nikajaza kikombe mpaka ukingoni, kama tunavyojaza huku. (Nani huku anampa mgeni nusu kikombe? Utasemwa mpaka matanga yako!)

Mzee akakitazama kikombe. Akanitazama mimi. Tabasamu likafa. Akanywa yote kwa mkupuo, ya moto, machozi yakimlenga.

"Eh! Huyu mzee iko na kiu," Senge akasema. "Ongeza, wewe! Watasema sisi ni wachoyo."

Nikaongeza. Ikafurika kwenye kisahani. (Nikajisifu moyoni: mkarimu mimi!)

Mzee akashusha pumzi. Akanywa tena, yote. Kisha akainua viganja, akanong'ona maneno fulani, akajipangusa uso kwa mikono miwili.

"Anaomba!" Senge akaruka. "Amina!"

"Amina!" nikaitikia kwa sauti.

Mzee akavaa kofia yake, akasimama, akatoka.

Nikadhani anatafuta choo. Choo akakipita. Akaupita muhogo wetu ulioanikwa. Akatoka langoni. Anaondoka! Mkwe anaondoka, na hata nyama haijaiva!

"Kimbia na chai!" Senge akapiga kelele.

Nikakimbia na chai. (Ndiyo. Niliambiwa, nikatii.) Nikamfikia barabarani, mbele ya majirani na vijana wote wa bodaboda. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikajaza kikombe pomoni, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Jamani, uso wa yule mzee! Sijawahi kuona mtu mzima akishtuka vile. Akaweka mkono kifuani. Akapokea, akanywa amesimama, akanirudishia kikombe, akaanza kutembea kwa haraka kuelekea Busia.

"Dada, huyo Mchina unamnywesha dawa?" boda mmoja akauliza. Wenzake wakalala juu ya pikipiki kwa kicheko.

Bakyt akatokea mbio akamzuia baba yake, Nabwire nyuma yake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Baba na mwana wakazungumza kikwao. Bakyt akageuka taratibu.

"Nani amemjazia baba kikombe?"

"Mimi!" nikasema. (Kwa fahari. Mungu nisamehe.)

Akafumba macho. "Kwetu tunamimina kidogo tu, chini pale. Mgeni anamaliza, tunammiminia tena, na tena, ili akae sana. Ukimjazia, umemwambia: kunywa hii, uende zako."

Nikaificha chupa mgongoni.

"Cha kwanza alidhani hujui," Bakyt akaendelea. "Cha pili akaelewa kwamba familia imekataa ndoa. Akawaombea baraka, akaondoka kwa heshima. Sasa anauliza amekosa nini hata afuatwe kufukuzwa mpaka barabarani."

Nabwire akakaa chini palepale. "Mimi nitakuua," akaniambia, na hakuwa anatania.

Nikalia, jamani. Nikalia na chupa mkononi. "Mwambie kwetu kikombe kisichojaa ni tusi! Mwambie nilikuwa nampenda!"

Bakyt akatafsiri. Mzee akaniangalia nilivyopiga magoti. Akaiangalia chupa. Mabega yakaanza kumtikisika. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akamshika Nabwire mkono, akamwinua, akasema neno moja. Bakyt naye akaanza kulia.

"Amekubali," akasema.

Tukarudi ndani kwa vigelegele. Nami nikaazimia sitaharibu tena. Nikawamiminia watu wote kwa adabu mpya, chai kidogo tu, ya kufunika kitako cha kikombe. Mzee akapokea, akafurahi, akanipigapiga begani. Nikasonga kwa Senge.

Senge akachungulia ndani ya kikombe chake.

"Hii ni nini?"

"Ni heshima, Senge."

"Heshima? Mimi nimezaliwa hii nyumba, leo unaninyima chai mbele ya wageni? Haya. Nimesikia."

Akachukua mkoba wake, akatoka, akapanda boda. Amekwenda zake Lumino! Na ninyi mnajua, bila senge hakuna wa kumtoa bibi harusi na kumkabidhi kwa mume. Mzee wa watu ameketi sebuleni anauliza yule mama amekwenda wapi, na hakuna anayethubutu kumtafsiria.

Sasa Nabwire anagonga mlango wa jikoni, anataka nimfuate Senge na chupa ya chai. Haya, nakwenda. Lakini atakayenicheka, siku akija kwangu nitammiminia chai, na hatajua kama nimemkaribisha au nimemfukuza.