Msumari wa Baba

Jumatatu, 4 Machi

Vita vimeanza. Mama ametutangazia mimi na dada: Jumapili atachagua picha ya kutundika kwenye msumari wa baba. Ukuta wa sebule umejaa picha alizopiga marehemu. Harusi za majirani, dada akiwa kibogoyo, mimi nikilia juu ya baiskeli. Katikati, msumari mtupu. Baba alikuwa akisema huo ni wa picha nzuri kuliko zote, ila bado hajaipiga. Akatutoka hajaipiga.

Sasa shemeji, mume wa dada, mwalimu wa hesabu, kanunua kamera mpya na anautaka msumari huo. Yeye! Mwana wa mpiga picha ni mimi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimetoa kamera yangu ya mtumba kabatini na kazi imeanza leo hii. Nimemsimamisha mama mbele ya dirisha, jua likiwaka nyuma yake. Katoka mweusi tii, uso hauonekani. Shemeji kasema ni picha nzuri sana ya dirisha.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa fundi picha wa pale kona. Kazi alifundishwa na baba. Bado ana beseni la zamani la kusafishia picha, na nilipoinama kulinusa nikarudi utotoni mzima mzima. Chumba cha giza, taa nyekundu, mimi nimekalia ndoo. Baba ananong'ona: subiri, wanakuja. Nao wanakuja, majirani zetu, nyuso zao zikijitokeza pole pole ndani ya maji. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena.

Fundi alikuwa akieleza muda wote huo. Nimeshika mawili. Picha ikiwa nyeusi, ongeza mwanga. Na mtu asikae katikati: gawa picha mafungu matatu, umweke kwenye theluthi. Mengine nilikuwa nanusa.

Jumatano, 6 Machi

Nimeongeza mwanga. Uani, saa sita mchana, kila kitu mpaka mwisho. Mama kaungua, kawa mweupe kama unga, hata maua ya gauni yametoweka. Nikamsogeza kwenye theluthi, nikazidisha, sikio moja likabaki nje. Mama akauliza amekosa nini hata afukuzwe uani kwake mwenyewe. Nimemwambia hiyo ni sanaa. Kasema baba yenu alipiga sanaa miaka yote na hakuwahi kumkata mtu sikio.

Ijumaa, 8 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nilijua shemeji anakuja jioni kupiga picha sebuleni, nikafungua balbu na kuitia mfuko wa nyuma. Akabonyeza swichi, giza. Nikampa pole. Basi kamchukua mama, akamketisha ubavuni mwa dirisha, mwanga wa jioni ukimwangukia shavuni, sawasawa na alivyokuwa akifanya baba. Bila mimi asingeliona dirisha lile! Picha imetoka nzuri mno, nimeitazama mara tatu nikitafuta kosa. Kisha nikakaa kitako, balbu ikapasuka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefungua kabati la baba. Koti lake la kaki la kazini lingalipo, mifuko minne. Ndani ya mmoja nimekuta kitambaa cha kufutia lenzi, kimekunjwa vile vile alivyokikunja. Sikukikunjua. Ninamkumbuka, hilo siwezi kulificha, hata humu.

Nimelivaa. Linanikaa barabara. Nikaenda ukutani nione yeye alilivaaje, nikatafuta picha hadi picha. Hayumo hata katika moja. Zote alipiga yeye, nani angempiga? Mama akanikuta pale. Akaniweka kola sawa.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya siku. Familia yote sebuleni. Nikamketisha mama ubavuni mwa dirisha (nimeiba kwa shemeji, naye kaiba kwa baba, kwa hiyo ni mali yangu). Nikataka kutandika shuka jeupe sakafuni lirudishe mwanga. Nikampa mama kamera anishikie. Akauliza cha kubonyeza ni kipi. Nikamwonyesha nikiwa na haraka zangu. Nikainama, nikivuta shuka, shuka likinivuta. Kamera ikalia.

Imetoka picha iliyoinama upande. Mgongo wangu, koti la kaki, mwanga begani. Uso hakuna. Nikanyoosha mkono kuifuta.

Mama akanizuia. Akaitazama, akasema, "Hivi ndivyo alivyokuwa. Maisha yake yote nimemwona mgongo, ameinama anapiga watu. Itundikeni hii." Dada akalia. Shemeji akasema picha yake basi, anaiondoa mashindanoni, na hakuwa na kinyongo. Fundi wa kona akatusafishia picha jioni hiyo hiyo, na mama mwenyewe akaitundika. Baba amerudi sebuleni.

Jumatatu, 11 Machi

Nimelala nikifikiri. Mgongo ni wangu. Kamera ni yangu. Shuka nilitandika mimi. Kwa hiyo picha nimepiga mimi, mama alibonyeza tu. Nimemtumia shemeji ujumbe wa kumfariji, nikamweleza kwamba kipaji hakifundishwi.

Kasoro ni moja. Msumari uko katikati kabisa ya ukuta. Baba, Mungu amrehemu, hakuijua theluthi. Mama alipotoka kwenda dukani nikachukua nyundo.

Msumari umetoka, pamoja na kipande cha ukuta kikubwa kama sahani. Hakuna neno. Picha ya baba nimeihamishia kwenye theluthi, na lile shimo nitaliziba kwa picha mpya ya mama. Naisikia hodi yake. Nitamsimamisha mbele ya dirisha.