Mwalimu wa Mawinguni

Wendell Pruitt alipomwona Bi Lorraine Haskett akishuka kwenye ndege yake ndogo, pale kiwanjani kwetu nje ya Wichita, alijua riziki imetua. Mama wa makamo, ndege mpya, na anaulizia mwalimu wa kuruka mawinguni kwa kutegemea vyombo vya ndege tu, bila kuona nje.

"Umefika, mama," Wendell akadakia. "Mwalimu ndiye mimi."

Ualimu wenyewe alijitunuku. Leseni yake ilikuwa ya siku za jua tu, ya kurukia Jumapili kwenda kula nyama choma mji wa pili. Lakini alikuwa na koti la ngozi, miwani myeusi na sahihi nzuri ajabu, na sahihi hiyo, ya kuthibitisha kuwa mtu amefunzwa, ndiyo aliyouza. Wanafunzi wengine walisota miezi na mwalimu halali, kisha mtihani. Wateja wa Wendell walisota kwa kikombe kimoja cha kahawa.

"Nikusainie sasa hivi?"

"Kabla ya kuingia winguni? Hapana, mwalimu. Twende mara moja tu."

Wendell akatazama juu. "Wingu la leo jepesi mno. Halina mafunzo."

"Eti mwalimu anaogopa ukungu!" fundi mmoja wa ndege akaangua kicheko. Basi heshima ikampandisha Wendell ndegeni.

Huko juu dunia ikafutika, kukawa kweupe tupu. Vyombo vilisema ndege imenyooka. Masikio ya Wendell yalisema inapinduka. Msomi wetu akaamini masikio. Akaurukia usukani, Lorraine akampiga kofi mkononi.

"Nifanye nini sasa, mwalimu?" akauliza kwa upole.

"Sijui! Mimi si mwalimu! Sijawahi kuingia winguni tangu nizaliwe! Tunakufa, mama!"

"Na wale uliowasainia?"

"Niliwauzia sahihi tu!"

"Hata Dale Haskett, aliyeanguka na ndege shambani akavunjika miguu yote miwili?"

"Hata huyo! Yesu wangu, nishushe!"

"Dale ni mdogo wangu," Lorraine akasema, akiishika ndege kwa vidole viwili. Alikuwa akifundisha kazi hii kwa miaka mingi, huko kwao Nebraska. Kisha akaondoa kidole gumba kwenye kitufe cha redio, alichokibana muda wote huo.

Sauti ya mnara wa kuongozea ndege ikaingia, tulivu kabisa: "Tumesikia yote, Lorraine. Mkaguzi wa serikali yuko hapa kando yangu, anaandika. Anauliza, Pruitt ni kwa t ngapi?"

"Mbili," Wendell akanong'ona, macho ameyafumba.