Wimbo Uliobaki Ndani ya Kinanda cha Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Mama, mjane wa Mwalimu, amenikabidhi kinanda cha marehemu. Ndani yake mna wimbo wake wa mwisho. Nakala nyingine hakuna. Jumapili tunamkumbuka, na Mama anataka kuusikia. Kanisihi nisiguse kitu, nibonyeze tu kitufe cha kuucheza. Kitufe kimoja! Mimi, mwanafunzi wake kwa miaka tisa!

Mpango: nakiunganisha na changu kwa waya. Cha chini kitoe ngoma na besi, cha juu vinubi, na mkono wangu wa kushoto uviongoze vyote. Shemeji, kaka wa mke wangu, hatahitajika na gitaa lake. Nimemwambia apumzike kwa sababu ya msiba. Kajibu kwamba msiba haujawahi kumkata vidole. Kiburi tu.

Jumatano, 5 Machi
Vinanda vimeshikana, juu ya meza ya pasi. Mke wangu kauliza nguo atazinyooshea wapi. Sanaa ina maadui kila nyumba.

Nikibonyeza huku, kule kunaitika. Nimetokwa na machozi. Shemeji kapita, kauliza kama nimeweka nakala ya wimbo. Nikamjibu asiyejua maana haambiwi maana.

Alhamisi, 6 Machi
Nakala ni jambo zuri (wazo langu mwenyewe). Nikaamuru kinanda kimoja kihamishie vyote kwenye kingine. Kioo kikaandika kazi imekamilika. Imekamilika kweli. Nimehamisha kutoka kwangu kwenda kwa Mwalimu, na changu kilikuwa kitupu. Sasa vyote viwili ni vitupu.

Nimekaa sakafuni. Sijala. Wimbo wa mwisho wa mtu aliyenifundisha, nimeufuta kwa kidole kimoja. Mke wangu kanyoosha nguo kitandani.

Jumapili, 9 Machi
Ukumbi ulijaa. Nilikusudia kubuni wimbo papo hapo nimsingizie Mwalimu. Noti tatu tu, Mama akatikisa kichwa. Nikaondoa mikono. Vinanda vikaendelea vyenyewe kwa midundo ya kiwandani, ngoma, besi, vinubi, na pa kuvizima sikupakumbuka!

Shemeji akainuka, akachomoa plagi ukutani, akachukua gitaa. Akaupiga wimbo mzima. Kumbe yeye na Mwalimu walikuwa wakiutunga pamoja kila Jumamosi, na mimi sikuwahi kuuliza. Mama alilia. Nililia kumzidi.

Baadaye nikamwungamia Mama. Akanishika mkono, akasema hata Mwalimu aliwahi kuufuta, mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kashinda hapa asubuhi nzima akinipa noti moja moja, hadi wimbo ukaingia kwenye kinanda changu. Kasema nisiuguse. Kesho atakuja tuuhamishie kwenye cha Mwalimu.

Lakini Mama anakisubiri kinanda chake leo. Waya ninao. Na kosa la Alhamisi nimeshalitambua: nilikosea mwelekeo, basi leo nahamisha kutoka kwa Mwalimu kuja kwangu. Ya nini kumsumbua Shemeji?