Kengele Isiyo na Waya na Wivu wa Bashige

Jumatatu, 14 Julai 2003

Siku kubwa! Nimevuka daraja la mpakani la Rusizi na kurudi na kengele mbili za mlangoni zisizo na waya. Unabonyeza kitufe hapa, kisanduku kinaimba kule. Ya kwanza nimemfungia Uwera. Mama yake, bibi kizee tunayemwita mukecuru Nyiraneza, miguu haimtii tangu safari ya kurudi nyumbani kutoka ukimbizini mwaka wa tisini na sita. Kitufe kando ya kitanda, kisanduku jikoni nyuma ya nyumba. Uwera ameniita fundi. Ametabasamu. Ndoa haiko mbali.

Ya pili amechukua Maman Béata, jirani yao mwenye buveti ya kuuzia bia, ili wateja wamwite bila kupiga makofi.

Bashige, anayejiita fundi wa redio karibu na kibanda changu, ameuliza kama nimebadilisha namba za ndani. Namba gani? Kengele si simu. Wivu.

Jumanne, 15 Julai

Kero ndogo. Mlevi akibonyeza buveti, Uwera anaacha chungu na kukimbia chumbani. Mama amelala fofofo. Mara kumi na moja kabla ya saa sita! Na mukecuru akiomba maji, Maman Béata anatokea dirishani na bia. Nimewaeleza kitaalamu kwamba ni upepo wa ziwa.

Bashige, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema kengele zote mbili zimetoka kiwandani na namba moja, ndiyo maana zinaitika pamoja.

"Ita 'Maman!' pale sokoni," akasema, "uone batageuka bangapi."

Watu wamecheka. Watu hawana elimu.

Alhamisi, 17 Julai

Redio inasema Kinshasa wameapisha makamu wa rais wanne, vita imekwisha. Hongera zao. Mimi nimemaliza yangu kwa kopo moja la maziwa! Bati huzuia mawimbi. Nimefunika kisanduku cha Uwera nalo. Kimya kabisa! Amepika mchana mzima bila kusumbuliwa, akanipa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sahani nzima. Alipouliza kopo ni la nini, nikasema ni pambo. Fundi hamwagi siri zake.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya. Asubuhi mukecuru ameanguka kutoka kitandani, kichwa kikagonga ukuta. Akabonyeza. Jikoni, kimya. Akabonyeza tena na tena. Buveti haikuwa na mteja hata mmoja, lakini kengele yake haikuacha kuimba, na Maman Béata akajua ni nani anayeita. Alimkuta sakafuni, uso umejaa damu. Mayowe yake ndiyo yaliyomtoa Uwera jikoni.

Zahanati wamemshona nyuzi nne. Ni mzima, Mungu asifiwe. Nikaenda kupokea shukrani, maana bila kengele yangu ya pili nani angesikia? Uwera alikuwa ameshika kopo mkononi.

"Mama aliniita," akasema polepole. "Na miye nilikuwa nasonga bugali."

Nikaanza kumweleza habari za mawimbi.

"Ntabaza, weye hauko fundi. Weye uko bugonjwa."

Nilitazama viatu vyangu. Nimeona aibu kweli, karibu mpaka saa nane.

Bashige akafungua kengele, akasogeza vijiswichi vidogo vya namba kwa ncha ya kisu. Dakika mbili. Amekaribishwa chai. Ya maziwa!

Jumapili, 20 Julai

Ushindi! Mukecuru amekataa marekebisho. Anataka namba irudi kama ilivyokuwa. Anasema tangu arudi nchini, hakuna jirani aliyewahi kumjia mbio namna ile. Maman Béata amekubali, tena amefuta machozi kwa kitenge. Bashige amerudisha namba. Uwera hakunisalimia, lakini ukweli umejionyesha: nilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kwa hiyo nimepanua biashara. Mikrofoni mbili zisizo na waya, mapacha, hata mama yao asingezitofautisha. Moja nimepeleka parokia, moja msikitini, ng'ambo ya barabara. Bashige ameuliza kama nimeangalia namba za mikrofoni hizo. Maskini, hana swali jingine.

Ijumaa saa saba mchana kwaya inaanza mazoezi, na imamu anahubiri saa hiyohiyo. Nitasimama katikati ya barabara, nipokee pongezi kutoka pande zote mbili.