Leso Niliyomvika Mamba wa Minjila

Wenzangu wa Kau, leo nimeaibika. Nimeaibika Garsen nzima ikitazama. Nawaandikia mimi mwenyewe kabla hamjaletewa habari iliyotiwa chumvi.

Mnamjua mjukuu wangu Komora, yule niliyemlea. Zamani ndondi hapa zilitazamwa na wahuni wachache na mbuzi wapitao. Tangu Komora aanze kuangusha watu na kuitwa Mamba wa Minjila, hata wazee wakitoka msikitini wanaulizana Mamba anapigana lini. Habiba, jirani yangu Muorma muuza maziwa, alikuwa akisema mtoto wangu ana wazimu. Leo kaacha maziwa yake akawahi kukaa mbele. (Nikamwambia asogee. Nyanya wa Mamba ni mimi.)

Komora alikuwa apigane na kijana wa Hola. Akishinda, anapelekwa Mombasa kwenye mashindano makubwa. Nikajifunga leso mpya, bado inanuka duka.

Wakaanza. Komora akampa yule wa Hola ngumi ya mbavu, mwenzake akayumba kama ndama aliyezaliwa jana. Uwanja ukalipuka. Mimi nikasimama.

Sasa niambieni, kwetu kijana akicheza ngoma vizuri, nyanya yake hufanya nini? Si huingia katikati akamtuza, akamvika leso? Nimetuza wachezaji hivyo tangu usichana. Nikapita chini ya kamba za ulingo (na mgongo huu!), vigelegele juu, nikamfunga Komora leso yangu ile mpya shingoni.

"Nyanya, toka," akasema, na ule mpira wa meno mdomoni.

"Tulia, nikaze fundo."

Yule wa Hola, mtoto aliyelelewa vyema, akashusha glavu. "Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Usimpige usoni, bado hajaoa."

Refa hakucheka. Kumbe mtu wako akiingia ulingoni, umeshindwa. Akainua mkono wa yule wa Hola. Mombasa ikaenda hivyo, na leso yangu ikiwa shingoni mwa aliyeshindwa.

Mapambano mengine yalikuwa bado, lakini Mamba hayupo, nani akae? Uwanja ukamwagika wote. Vijana waliofuata walipigana wakitazamwa na mimi na mbuzi. (Nilibaki kwa sababu nilishindwa kupita mbele ya watu.)

Komora akaja kukaa kando yangu. Leso bado anayo. Glavu haziwezi kufungua fundo langu. Nikamfungua, nikamwambia, "Nisamehe, baba." Nililia kidogo, msiwaambie watu.

Ndipo mwandalizi wa ndondi akaja mbio. Aliona vile uwanja ulivyobaki mtupu. Akasema pambano litarudiwa, maana Mamba asipopigana hakuna atakayekuja, na wa Hola mwenyewe amekubali. Sharti moja tu: nyanya ashikwe.

Kazi ya kunishika amepewa Habiba. Amefurahi kupita kiasi. Amesema atakuja na kamba yake ya kufungia ndama.

Mkitaka kucheka, chekeni huko huko Kau.