Mama Mkwe Ndani, Rimoti Nje

Asubuhi hiyo kijiwe cha Caren pale Kisian kiliamkia habari nzito. Byron, fundi wa simu aliyejipa mwenyewe cheo cha Injinia, alikuwa amesoma mtandaoni kwamba magari yajayo yatafunguka kwa kutazama uso wa mwenyewe.

"Uso gani?" akauliza Wepukhulu, dereva ambaye lori lake lilikuwa gereji. Kwa jinsi alivyopenda kukata kesi za watu, walimwita Jaji. "Mimi Jumatatu huwa na uso ingine kabisa. Hata bibi yangu huuliza mara mbili."

"Itafungua tu, Jaji. Hiyo ni teknolojia."

"Na jino ikivimba? Nilale nje ya gari yangu?"

"Utalala," akasema Caren akigeuza mandazi. "Gari itakuwa imesema ukweli, haikujui."

Hapo ndipo Zadock alipotokea, mikate miwili kwapani, akibonyeza rimoti kama mtu anayeua kiroboto. Kijiweni alikuwa Balozi, kwa sababu ya mashati yake yaliyopigwa pasi na maneno yake ya pole pole. Leo upole wote ulikuwa umemtoka.

"Injinia, niokoe. Rimoti imekata kauli."

"Omera, ndugu yangu, keti kwanza unywe chai," akasema Byron.

"Mama mkwe yuko ndani ya gari!"

Kijiwe kizima kikasimama. Ng'ambo ya barabara, kwenye kiti cha nyuma cha gari jeupe, mama mmoja wa kilemba cheupe alikuwa ameketi wima, mkoba mapajani, akitazama mbele kana kwamba yuko kanisani na mhubiri hajamaliza.

Zadock alikuwa na haki ya kuhangaika. Tangu amwoe Lorine, mama huyu alikuwa akimwita "yule kijana", hata mbele ya watoto. Leo kwa mara ya kwanza alikubali kupanda gari lake, kwa kuwa saa sita angesimikwa mwenyekiti wa kina mama kanisani Usenge. Zadock alisimama kununua mkate tu, maana humrudishi mama mkwe kwake mikono mitupu. Na milango aliifunga kwa heshima. Utamwachaje mama mkwe wazi kama kibanda?

"Si afungue mlango yake?" akauliza Jaji.

"Huko nyuma kuna lock ya watoto. Nilisahau kuitoa. Lakini dirisha niliacha wazi kidogo, hewa anapata."

"Na kile kichuma ya kufungulia mlango kwa dharura? Ile hukaa ndani ya rimoti?" akauliza Byron.

"Kiko nyumbani. Tunafungulia nacho soda."

Byron akafumba macho kidogo, kisha akajitia udaktari. "Weka rimoti chini ya kidevu. Kichwa ni antena. Sasa fungua mdomo, alafu bonyeza."

Zadock akaachama, akabonyeza. Kimya. Mama mkwe akageuza shingo, akamtazama mkwe wake aliyeachama kando ya barabara ya Busia, akageukia mbele tena. Zadock aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

"Kichwa yako haina network," akasema Jaji. "Lete." Akajaribu kwa chake, akajaribu kwa cha Byron. Wapi!

Byron akatoa betri ya kikokotoo chake. Ilikuwa nyembamba mno, akaikaza kwa karatasi ya pipi. Rimoti ikawaka taa nyekundu mara moja, ikatoa harufu, ikazima.

"Imejaribu," akasema, na akavua kofia.

"Nyinyi wanaume!" Caren akapiga mwiko kwenye karai. "Si mama ainame tu avute lock ya dereva? Mkono itafika!"

"Caren! Aegemee kiti changu? Kiti cha mkwe? Kwetu ni mwiko!"

"Hata kwetu Bungoma haiwezekani," akasema Jaji. "Huko mama mkwe akikuona kwa njia, anaingia kwa mahindi kujificha."

"Basi tumieni waya," akasema Caren.

"Ipite juu ya bega ya mama?" Zadock akashika kichwa. "Ikigusa kilemba nitaoa wapi tena?"

Simu yake ikalia. Alikuwa Lorine, nyumbani Kisumu.

"Baba Aloo, mama amenipigia. Anauliza, kama hutaona vibaya, anaweza gusa kiti yako? Anaona haya kukuuliza."

Swali lilikuwa limesafiri hadi Kisumu na kurudi, na kati ya wenyewe palikuwa na barabara na kioo tu. Zadock akaanza kupima. Akikubali, amemvunjia mama heshima. Akikataa, kina mama wa Usenge watamchagua mwingine.

Jaji akaweka kikombe chini. "Korti imeamua. Mwenye gari asipokuwa mkwe, kosa iko wapi? Nipe hiyo rimoti. Caren na Injinia ni mashahidi. Gari ni yangu."

Zadock akaitoa kwa mikono miwili. Lorine, aliyesikia yote simuni, akapeleka ujumbe. Ndani ya gari kilemba kikainama, mkono ukanyooka, tak! Alamu ikaanza kupiga mayowe.

"Washa!" Byron akapaza sauti. "Bonyeza button ya kuwasha na hiyo rimoti yenyewe! Hata ikikufa inatambulika!"

Jaji akakimbia, akaingia, akabonyeza. Injini ikanguruma, alamu ikanyamaza. Kijiwe kikashangilia. Zadock nusura alie kwa furaha.

Jaji akamfungulia mama mlango. Mama akashuka taratibu, akanyoosha kilemba, na kwa kuwa si vizuri kumhoji mkwe, akapaza sauti kumuuliza Caren ng'ambo ya barabara.

"Gari sasa ni ya huyu?"

"Kwa sasa, Mama."

Mama akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akaketi kando ya Jaji aliyekuwa amerudi kwenye usukani. "Basi huyu anipeleke. Na tutaongea njiani. Huko nyuma nimenyamaza mpaka taya zinauma."

Gari likaondoka. Kicheko cha mama kilitoka dirishani, kicheko ambacho Zadock hakuwahi kukisikia tangu aoe. Akabaki na mikate yake kwapani, kisha akaita bodaboda.

"Fuata ile gari nyeupe!"

"Ni ya nani?" akauliza mwenye pikipiki.

Zadock akamtazama Byron. Byron akatazama rafu za simu kibandani mwake. Zadock akamtazama Caren, shahidi wa pili. Caren akainamia mandazi.

"Ya Jaji," akasema Zadock. "Mpaka Usenge."